Wageni Watazungumza Kwanza

Jina lake sitaliandika. Nimeambiwa nikiandika jina nitapelekwa kortini, na korti mimi naijua, ni mahali pa watu wenye nauli ya kwenda na kurudi kila mwezi mpaka waote mvi. Lakini kazi yake nitaitaja na nyumba yake nitaitaja. Ni mwenyekiti wa mtaa wetu hapa Eldoret, upande wa Yamumbi. Nyumba yake ni ile ya geti la kijani kule juu. Nyuma ya nyumba kuna zizi la ng'ombe, na mlango wa hilo zizi ni mlango wangu.

Ni mlango wa chuma. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa kujenga, akauchomelesha mjini, akaupaka rangi ya maziwa kwa sababu ndiyo iliyobaki kwenye kazi ya mtu. Chini una kibonyeo, mahali mtoto wetu wa kwanza alikuwa anaugonga na baiskeli. Nikienda kanisani napita pale na nakiona hicho kibonyeo. Ng'ombe inatoka, ng'ombe inaingia, mlango wangu unafunguka na kufungwa.

Mlango ulifikaje kwake? Watu wa hapa wanajua, hawasemi tu. Ule mwaka wa vita baada ya kura, yeye hakuwa mwenyekiti wa kitu chochote. Alikuwa jirani, tunaombana kiberiti na chumvi. Vijana wenye petroli walitoka mbali na hawakujua nyumba gani ni ya nani, maana nyumba za mabati zote zinafanana. Lazima mtu wa hapa awaonyeshe. Yeye alisimama njia panda na koti lake refu, akawa ananyoosha mkono tu, kama mtu anayeelekeza magari ya harusi.

"Hiyo ni yetu, pita. Hiyo ya wageni. Hiyo yetu. Hizo mbili za wageni."

Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi nyuma ya ghala la jirani yangu mwingine, mama mzee wa hapa hapa, ambaye sisi wote tunamwita Kogo, yaani nyanya kwa lugha yao. Kogo alikuwa ametufunika na magunia, mimi na watoto. Nilisikia kila kitu. Kitu kilichonikaa moyoni ni kwamba huyu jirani hakutaja jina langu wala la mume wangu. Alikuwa anatujua majina mpaka ya watoto. Alisema tu wageni.

Sasa mimi ni mgeni wa wapi? Wazazi wangu walitoka Vihiga wakaja kutafuta kibarua, wakanizaa mtaa wa West Indies, pale karibu na mjini. Nimesoma hapa Eldoret mpaka darasa la sita, karo ikaisha. Nimeolewa hapa, nimezika hapa. Nikienda Vihiga kwa matanga, watoto wa kule wanakimbia kumwambia mama yao, "Kuna mgeni ametoka Eldoret!" Kwa hivyo kule ni mgeni na huku ni mgeni. Labda nilipaswa kuzaliwa ndani ya gari njiani.

Tulikaa kwenye mahema uwanja wa maonyesho. Anayeijua baridi ya Eldoret ya alfajiri atanielewa. Mume wangu hakuguswa na panga, alikufa na kifua ndani ya hema. Mtu akiniuliza nani alimuua, nataja bila kuficha. Kwanza ni wale wakubwa waliokuwa wakipanda kwenye magari na vipaza sauti kutuita madoadoa, kama sisi ni uchafu kwenye nguo. Pili ni huyu wa geti la kijani. Tatu ni baridi. Baridi nimeisamehe. Wale wakubwa baadaye walipeana mikono kwenye televisheni wakicheka, wakagawana viti, na tangu hapo nimewaona wakikosana na kupatana tena zaidi ya wanandoa wa kwenye sinema. Leo huyu ni adui wa yule, kesho wanakula nyama pamoja. Mimi hakuna aliyekuja kunipa mkono.

Nilirudi kwenye ploti yangu, nyumba imebaki majivu, na mlango wangu nikaukuta kwenye zizi lake. Watu wa kanisa waliniambia, uza uende, utakaaje karibu na mtu kama huyo? Nikawaambia nikiuza atanunua yeye. Nikajenga chumba kimoja cha udongo, halafu viwili, nikaendelea kuuza mboga kando ya barabara. Huyo mtu akawa mwenyekiti wa mtaa. Alichaguliwaje sijui, nilisikia tu anaitwa mwenyekiti.

Ikaja hii serikali ya kaunti. Tukaambiwa sasa sheria inasema hakuna kitu kinajengwa kabla mwananchi hajaulizwa. Wao wanaiita pablik patisipesheni. Sisi tunaiita mkutano wa chai. Nimeenda mikutano ya chai mpaka naijua kama misa. Gari la kaunti linachelewa. Mwenyekiti anashika maikrofoni, anapuliza, anasema tunaomba uvumilivu. Gari linakuja, tunaomba, halafu yeye anasema maneno yake yale yale:

"Wenyeji watazungumza kwanza. Wageni watapewa nafasi muda ukibaki. Na akina mama wageni watatusaidia na chai."

Muda haujawahi kubaki. Barabara ilipowekwa murramu ikaishia kwenye geti lake, muda haukubaki. Taa zilipokuja zikasimamishwa kule juu peke yake, muda haukubaki. Mwenye duka letu, mzee Mwislamu kutoka kaskazini ambaye ndiye anatoa sukari ya mkutano kila mara, alikuwa anakaa kiti cha nyuma na kuinua mkono, anaushusha, anauinua, mpaka tukawa tunamtania kwamba anafanya mazoezi.

Mimi na wenzangu wa kikundi cha kanisa tulikuwa nyuma kabisa, kando ya ua, kwenye mafiga, kwa sababu sisi ndio wenye sufuria kubwa. Moshi unaingia machoni. Na hilo ndilo lilikuwa linanichoma kuliko moshi. Mgeni gani anapika? Kwa mama yangu, mgeni akishika sufuria ni aibu ya nyumba nzima, mama hangelala. Hapa tunaitwa wageni na tunapikia wenyeji, wao wamekaa chini ya hema wakingoja kikombe.

Basi, kaunti ikasema italeta kisima cha kuchimbwa na mashine, na tangi, na bomba la watu wote. Mwaka jana hiyo. Watu wengine wanaweza kuona kisima ni kitu kidogo. Sisi wa chini tulikuwa tunachota kwenye kijito ambacho hapo juu yake watu wanaosha pikipiki. Mjukuu wangu, ambaye nabaki naye mama yake akienda kazini, alikuwa ameharisha mara mbili mfululizo, mara ya pili nusura tumpoteze. Daktari alisema ni maji. Nikamwambia najua ni maji, daktari, sema kitu sijui.

Ploti ya umma iko pale pale chini, karibu na shule ya nasari, imeachwa tangu mtaa ukatwe ploti. Lakini tukasikia mwenyekiti ameshaongea na mheshimiwa wa kutuwakilisha, na kisima kitachimbwa kule juu, ndani ya ua wake, "kwa sababu ya usalama." Usalama wa maji! Kwani maji ni benki? Tunajua vile ingekuwa. Geti linafungwa akitaka, mbwa wanafunguliwa akitaka, na mtu wa chini anasimama nje na mtungi akisema tafadhali mwenyekiti. Mimi nisimame kwenye lile geti, niombe maji, nikiangalia mlango wangu? Nilimwambia Kogo afadhali nife na kiu. Kogo akaniambia, "Wewe kufa, mimi nitakunywa. Nenda uongee."

"Nitaongea saa ngapi, Kogo? Si unajua muda haubaki."

"Hiyo sasa ni akili yako," akasema.

Siku ya mkutano hema ilisimamishwa kwenye kiwanja cha nasari. Sisi tukawasha moto kando ya ua kama kawaida. Maziwa mengi siku hiyo, kwa sababu mheshimiwa mwenyewe alikuwa anakuja. Alikuja, akakaa meza ya mbele, akaanza kubonyeza simu, na sikumwona akiinua kichwa. Kutoka kaunti akaja msichana mmoja wa maji, mdogo, nywele fupi, viatu vya matope tayari mguuni, kumaanisha alijua anakuja wapi. Nilimwona akitembea peke yake kuangalia ile ploti ya umma kabla ya mkutano kuanza. Hiyo niliiweka akilini.

Mwenyekiti akashika maikrofoni, akapuliza. Siku hiyo alikuwa amevaa suti, na alitaka kumwonyesha mheshimiwa kwamba anajua itifaki. Akaacha maneno yake ya kila siku. Akapanua sauti kama mtangazaji wa redio:

"Kwa heshima na taadhima, leo tuna wageni. Na kwa sababu ya heshima ya wageni, leo wageni ndio watazungumza kwanza!"

Alimaanisha wale wa meza ya mbele. Kila mtu alijua amemaanisha wao. Hata mimi nilijua. Lakini masikio yangu yamelisikia hilo neno likitoka kwenye huo mdomo miaka hii yote, na halijawahi kumaanisha mtu mwingine ila mimi. Mwiko ulikuwa mkononi. Nikauweka chini. Nikajifuta mikono kwenye leso, nikaanza kutembea.

Mwenzangu mmoja akaninong'oneza, "Unaenda wapi? Maziwa inapanda!"

"Ipande," nikasema.

Nilipita katikati ya viti mpaka mbele. Mwenyekiti akafikiri naleta chai, akanionyesha meza. Nikasimama mbele yake nikanyoosha mkono.

"Asante sana mwenyekiti kwa kutukumbuka leo. Nipe maikrofoni."

"Mama, unataka nini?"

"Umesema wageni wanazungumza kwanza. Nimekuja kuzungumza."

Watu walianza kucheka, kwanza wale wa nyuma. Yeye akashusha sauti, lakini maikrofoni ilikuwa bado mdomoni na mtaa mzima ukasikia. "Si nyinyi wageni. Hawa wageni."

"Kumbe sisi si wageni?"

"Hapana, si nyinyi."

"Kama si wageni basi ni wenyeji. Na wenyeji wanazungumza kwanza, wewe ndiye unasemanga hivyo. Kwa hivyo chagua, mwenyekiti. Mimi ni mgeni ama mimi ni mwenyeji? Chochote utasema, hiyo maikrofoni ni yangu."

Nataka niseme ukweli, sikuwa nimepanga. Ilitoka tu. Mwenyekiti aliangalia mheshimiwa, mheshimiwa akaangalia simu. Jasho lilimtoka kwa ile baridi yetu. Kogo, ambaye alikuwa ameketi mstari wa mbele kama mzee wa hapa, akagonga fimbo yake chini.

"Mwenyekiti, jibu. Mama amekuuliza."

"Huyu ni..." akasema. "Huyu ni mkaaji."

"Mkaaji?" nikamwambia. "Mimi nauza mboga, sijawahi kuuza makaa."

Hapo hema nzima ilipasuka. Watoto wa nasari walikuja kuchungulia. Hata yule msichana wa kaunti aliziba mdomo na mkono, halafu akasimama, akachukua maikrofoni kutoka kwa mwenyekiti bila kugombana, akanipa. "Karibu mama, tueleze," akasema, kwa Kiswahili kizuri cha taarifa ya habari.

Nikaeleza. Sikutaja petroli, sikutaja njia panda, sikutaja mlango. Yeye alikuwa ananiangalia macho yametoka, akingoja niutaje mlango. Nilimwacha angoje. Nilisema juu ya maji tu. Nilisema ploti ya umma ni hii hapa kando yenu. Nilisema mjukuu wangu alikuwa karibu kufa na maji ya kuosha pikipiki. Nilisema sitaki maji yenye geti.

Nilipomaliza, mwenye duka alikuwa tayari amesimama nyuma yangu. "Mimi pia mgeni," akasema, "na walahi nimengoja muda ubaki mpaka ndevu imekuwa nyeupe." Akaongea. Baada yake akaja mama wa kuuza samaki, baada yake kijana wa boda boda. Yule kijana wakati wa vita alikuwa bado ananyonya, na alikuwa haelewi kitu kinachotuchekesha hivyo. Aliuliza tu, "Kwani kabila na bomba zinaingiliana wapi?" Hawa watoto wa siku hizi, walipotoka barabarani kuandamana na bendera na simu zao, wazee walisema hawana adabu. Mimi nilisema afadhali hao, hawakuulizana majina ya baba zao kwanza.

Mwenyekiti akajaribu kurudisha mkutano. Akasema wageni wameongea vya kutosha, sasa wenyeji waseme, akijua wenyeji ni wake. Kogo akainuka kwa fimbo, polepole.

"Mimi ni mwenyeji," akasema. "Nimezaliwa hapa, baba yangu alichunga hapa kabla hakuna nyumba. Na kwa hilo geti la kijani sijawahi kupewa hata kikombe ya maji. Mbwa yake inanijua, maji yake siijui. Kisima ikae hapa chini. Nimemaliza, leteni chai."

Msichana wa kaunti akauliza wanaotaka kisima kwenye ploti ya umma wasimame. Nilikuwa nimegeuka kuangalia wenzangu wa chini, nikitegemea hao. Kumbe waliosimama kwa haraka zaidi walikuwa akina mama wa huko juu, wenyeji kabisa, majirani wa mwenyekiti wa ukuta kwa ukuta. Wao ndio walikuwa wanamjua zaidi. Waliosalia kwenye viti walikuwa mwenyekiti, ndugu yake, na mheshimiwa, ambaye alipoona watu wamesimama alifikiri ni maombi ya mwisho, akasimama pia na kufunga macho. Msichana akahesabu hiyo kama kura. Nilimpenda sana.

Chai siku hiyo iliungua. Maziwa yalifurika yakazima moto, na hakuna mtu aliyebaki kwenye mafiga kwa sababu kila mwanamke alikuwa mbele. Wale wa meza kuu walikunywa hiyo hiyo, na harufu yake ya moshi. Nilimpelekea mwenyekiti kikombe mimi mwenyewe.

Mashine ilikuja baada ya mvua. Ilitetemesha mtaa mzima siku nyingi, kuku walikataa kutaga, na maji yakatoka, kwanza tope, halafu meupe, halafu safi. Tulichagua kamati ya bomba, akina mama wa juu na wa chini, na mimi nikapewa ufunguo wa zamu ya asubuhi. Mjukuu wangu sasa ananenepa. Mtu akinikuta pale asubuhi nimefunga leso, nimeshika ufunguo, ajue ananikuta siku yangu nzuri.

Halafu jua likawaka, na mfereji wa mjini, ule unaoingia kwa mwenyekiti, ukakauka. Alituma mfanyakazi wake mara kadhaa. Asubuhi moja mfanyakazi akawa ameenda kwao, na tukamwona mwenyewe anateremka, anasukuma mkokoteni wenye mitungi, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Laini ilikuwa ndefu. Akina mama wote wakaniangalia. Nilikuwa nimengoja hiyo asubuhi tangu nilipolala chini ya magunia, na nilifikiri ikija nitapiga kelele. Sikupiga. Nilisema tu kwa sauti ya kawaida:

"Akina mama, tuna mgeni. Mpisheni mgeni apite mbele."

Wakajitenga huku na huku, wakamfungulia njia mpaka kwenye bomba, kama ya bwana harusi. Kogo akauliza, "Tumpikie na chai?" Kicheko hicho nafikiri kilifika mjini.

Yeye akasimama pale pale na mkokoteni wake. "Mimi si mgeni, mama," akasema.

"Hata mimi," nikamwambia.

Akaangalia njia waliyomfungulia. Angepita angekuwa na maji kwa dakika moja, na angekuwa mgeni mbele ya mtaa mzima. Akageuza mkokoteni, akarudi nyuma ya laini. Ilikuwa imefika mpaka kwenye ua, kwenye yale mafiga yetu, mawe bado meusi. Akasimama hapo na suruali yake ya kitambaa, akingoja zamu, na mimi nikafungua bomba nikaanza na mama wa kwanza.